Rangi ya Bampa Inapobanduka: Jinsi ya Kuiondoa Bila Kuharibu Plastiki, Mapafu wala Mto

Gari hupelekwa kuoshwa Jumamosi asubuhi likiwa zima, na linaporudi nyumbani kipande cha rangi cha ukubwa wa kiganja kimetoka kwenye bampa ya mbele. Mwenye gari humlaumu kijana aliyeshika mpira wa maji. Mara nyingi kijana huyo hana hatia. Nguvu ya maji imefichua tu kosa lililofanywa miezi au hata miaka iliyopita, pale rangi ilipopulizwa juu ya plastiki ambayo haikuandaliwa ipasavyo.

Malalamiko ya aina hii ni ya kawaida katika mabanda ya jua kali yaliyo kando ya barabara za miji na vituo vya biashara. Mteja hulipa, bampa hung'aa kwa mwezi mmoja au miwili, kisha hubanduka. Hurudi kwa fundi, fundi hupiga rangi nyingine juu ya ile iliyobaki, nayo pia hubanduka. Pesa zinapotea, jina la fundi linachafuka, na kila mara thina, vumbi na maji ya msasa huishia kwenye mapafu ya wanagenzi na kwenye mitaro ya maji ya mvua. Maelezo yanayofuata yanahusu hatua ambayo hurukwa zaidi katika kazi hiyo: kuondoa rangi kuukuu kwenye sehemu za plastiki kabla ya kupiga mpya. Yanawahusu mafundi, wenye magari na pia wenye bodaboda, kwa kuwa vifuniko vya pembeni na madigadi nyingi za pikipiki ni za plastiki vilevile.

Kwa nini plastiki si kama bati

Bati la mlango hukubali karibu rangi yoyote likishasafishwa na kukwaruzwa. Plastiki ina tabia zake. Bampa nyingi za magari ya kisasa, yakiwemo yale yanayoingia nchini kupitia Mombasa kutoka Japani, hutengenezwa kwa polipropilini iliyochanganywa na mpira ili ikigongwa kidogo ijikunje na kurudi badala ya kupasuka. Polipropilini ni ya familia moja na plastiki inayotengenezewa beseni na ndoo nyingi za nyumbani. Aliyewahi kujaribu kubandika stika kwenye beseni anajua kinachotokea: haishiki vizuri. Rangi nayo haishiki, isipokuwa itangulizwe na praima ya plastiki, ambayo ndiyo inayoifunga kwenye uso ule mtelezi.

Kiwandani bampa huandaliwa kwa mashine, na rangi yake ya kwanza kwa kawaida hudumu. Shida huanza na rangi ya pili au ya tatu. Gari lililotumika ng'ambo huenda liligongwa huko na kupakwa upya kabla ya kusafirishwa. Likifika hapa hupakwa tena ili lipendeze uwanjani kwa muuzaji. Bampa moja basi inaweza kubeba tabaka nne au tano zisizofahamiana, na zote zinategemea ile ya chini kabisa. Hiyo ikiachia, zote huondoka pamoja kama ganda la kitunguu.

Chanzo kingine ni bampa mpya za bei nafuu ambazo hazikutengenezwa na kampuni ya gari. Nyingi hutoka kwenye kalibu zikiwa zimepakwa dawa telezi inayosaidia kuzichomoa. Dawa hiyo haionekani kwa macho. Fundi asipoiosha kwa maji ya moto na sabuni, tena zaidi ya mara moja, anapiga rangi juu ya kitu kilichopakwa mafuta.

Kusoma mgongo wa bampa

Kabla ya kugusa thina au msasa, fundi anapaswa kugeuza kifaa na kutazama mgongo wake. Watengenezaji huchapa aina ya plastiki hapo, katikati ya mishale miwili inayotazamana, kwa mfano >PP+EPDM-T20<. Herufi PP ni polipropilini. EPDM ni mpira uliochanganywa nayo. T20 ina maana kwamba ndani yake mna unga wa talki wa asilimia 20.

Herufi ABS huonekana kwenye vifuniko vya vioo vya pembeni, grili za mbele, na sehemu nyingi za bodaboda. PC ni polikaboneti, plastiki ngumu inayopitisha mwanga na ambayo hutengenezewa vioo vya taa za mbele. PC+ABS ni mchanganyiko wa hizo mbili. PA ni nailoni. PUR ni poliurithani, ambayo ilitumika sana kwenye bampa za magari ya zamani. Zikionekana herufi GF, mna nyuzi za glasi ndani, na vumbi lake huwasha ngozi.

Wako mafundi wanaokata kipande kidogo mgongoni na kukitia majini: kikielea husema ni polipropilini, kikizama ni ABS. Jaribio hilo ni zuri kwa polipropilini tupu, ambayo ni nyepesi kuliko maji. Lakini ile yenye talki ya asilimia 20 ni nzito zaidi na huweza kuzama kama ABS. Fundi anayeyategemea maji peke yake anaweza kukosea, na kukosea hapa kuna gharama. Mishale ya mgongoni ndiyo ya kuaminiwa.

Gharama hiyo ilivyo

Fundi mmoja huletewa kifuniko cha kioo cha pembeni kilichokwaruzwa na matatu. Rangi yake ni kuukuu na ina nyufa. Kwa miaka mingi amezoea kuondoa rangi kwenye bati kwa kitambaa kilicholowa thina, kwa hiyo anafanya hivyohivyo. Rangi inalainika upesi, naye anafurahi. Dakika chache baadaye anagundua kwamba kitambaa kinanata. Kile kinachotoka sasa si rangi tena, ni plastiki yenyewe. Uso uliokuwa laini umekuwa kama ugali uliopoa, na ukikauka unabaki na mawimbi na nyufa ndogondogo. Kifuniko hicho hakiokoleki. Sasa lazima atafute kingine kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika, akilipe kutoka mfukoni, na mteja bado anasubiri gari.

Hakuna ajabu katika jambo hilo. Thina ya kawaida huwa na asetoni, tolwini na vimiminika vingine vya aina hiyo, na ABS huyeyuka ndani yake. Polikaboneti nayo hupasuka nyufa nyembamba kama nywele, wakati mwingine baada ya siku kadhaa, kifaa kikishafungwa kwenye gari. Polipropilini haiyeyuki kwa thina, na ndiyo maana fundi aliyeizoea bampa hudhani plastiki zote zinavumilia. Lakini hata bampa ikilowekwa, mpira uliomo ndani hufyonza thina na kuvimba. Rangi mpya ikipigwa kabla haijatoka yote, mvuke wake hutafuta njia baadaye na kuinua malengelenge.

Je, ni lazima rangi yote iondolewe?

Hapa ndipo kazi nyingi hufanywa bure. Rangi kuukuu iliyoshika vizuri ni msingi bora kuliko plastiki tupu. Ile ya kiwandani hasa haifai kung'olewa kwa sababu tu imepauka au imekwaruzwa. Inatosha kuoshwa, kupigwa msasa laini hadi mng'ao wote utoke, kisha kupakwa.

Kuna njia rahisi ya kuamua. Bampa ikishaoshwa na kukauka, fundi huchora alama ya X kwa wembe mahali rangi inapoonekana nzima, akikata hadi kwenye plastiki. Hubandika tepu ngumu juu yake, huisugua kwa kucha ili ishike, kisha huivuta kwa ghafla. Tepu ikitoka tupu, rangi imeshika na inaweza kuachwa. Ikitoka na vipande, tabaka hilo haliaminiki. Jaribio lirudiwe katika sehemu tatu au nne, kwa kuwa upande mmoja wa bampa huenda ulipakwa upya na mwingine ukaachwa. Lirudiwe hasa kwenye kingo na kwenye mikunjo, maana huko ndiko ubandukaji huanzia.

Sababu nyingine ya kuondoa rangi ni unene. Bampa hujikunja. Tabaka nyingi zilizorundikana hazijikunji nayo, hivyo hupasuka kila gari linapoguswa kidogo wakati wa kuegeshwa. Kwa magari yenye vihisi vya kuegesha au rada nyuma ya bampa, unene huo una madhara zaidi: unaweza kuvuruga mawimbi ya vihisi, na gari likaonya wakati hakuna kitu au likanyamaza wakati kipo. Mwenye gari la namna hiyo amwambie fundi mapema.

Kazi yenyewe

Kwa bampa ya polipropilini njia iliyo salama zaidi ni ya mikono, na haina siri kubwa. Inahitaji muda.

Kwanza ni kuosha. Sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu hutoa tope na jasho la barabara. Kisha kitambaa safi chenye dawa ya kuondoa mafuta hupitishwa, na kitambaa kingine kikavu hufuata nyuma yake kabla dawa haijakauka. Fundi anayetumia kitambaa kimoja tu anahamisha mafuta kutoka upande huu hadi ule. Mafuta taa na petroli havifai: mafuta taa huacha utando, na petroli ni hatari ya moto. Kuosha huku lazima kutangulie msasa. Msasa ukipita juu ya bampa yenye dawa ya kung'arishia matairi au dashibodi, ambazo nyingi huwa na silikoni, huisukuma ndani ya mikwaruzo, na rangi mpya itajikusanya na kuacha vishimo vidogo kama macho ya samaki.

Pili ni kuondoa kile kilicho tayari kutoka. Maji ya mashine ya kuoshea magari, yakielekezwa kwa pembe kwenye ukingo wa sehemu iliyobanduka, yanaweza kung'oa vipande vikubwa kwa dakika chache bila kukwaruza chochote. Pua ya mashine isisogezwe karibu mno, maana plastiki laini huchanika. Vilivyobaki huinuliwa kwa kikwaruzo cha plastiki. Wembe hutumiwa na mafundi wenye mkono mtulivu, ukilazwa karibu sambamba na bampa. Mwanagenzi asipewe wembe siku ya kwanza.

Tatu ni msasa, na hapa subira inalipa. Mahali rangi inapong'ang'ania, msasa namba 180 au 240 unatosha kuishusha. Wengi hukimbilia namba 80 ili kumaliza haraka. Kwenye bati fila itafunika mikwaruzo ile, lakini kwenye polipropilini namba 80 huinua vinyweleo, uso ukawa kama blanketi lililochakaa, na vinyweleo hivyo huonekana kupitia rangi mpya. Mashine ya kusugua nayo iendeshwe kwa kasi ndogo na isikae mahali pamoja, kwa sababu joto la msuguano hulainisha plastiki na kuifanya ishikane na msasa.

Palipobaki rangi nzuri pembeni mwa pale palipong'olewa, ukingo unapaswa kutelemshwa taratibu kwa namba 320, hadi kidole kikipita juu yake kisihisi ngazi. Macho hudanganya hapa. Fundi mzoefu hufumba macho na kupapasa. Mwishoni namba 400 au 500 ya maji hupitishwa kote, pamoja na kwenye mikunjo na nyuma ya mdomo wa bampa ambako wengi hawafiki.

Jambo moja la kuangalia ni sehemu zenye chengachenga, kama zile nyeusi za chini ya bampa. Mtengenezaji alizikusudia ziwe hivyo. Kama mtu alizipaka rangi zamani, msasa utaitoa rangi pamoja na chenga, na hakuna fila inayozirudisha. Huko bora kutumia brashi ngumu ya nailoni, maji na sabuni, na kukubali kwamba rangi iliyobaki ndani ya vishimo itabaki.

Vifaa vidogo vya ABS

Vifuniko vya vioo, grili na vifuniko vya bodaboda vina kona nyingi ambazo msasa haufiki. Ikiwa vilipakwa rangi ya kopo, spiriti ya aina inayotumika hospitalini, yaani isopropili, hulainisha rangi nyingi za namna hiyo bila kuyeyusha ABS. Kitambaa hulowekwa, hufungwa kwenye kifaa, na juu yake hufunikwa mfuko wa nailoni ili spiriti isikauke upesi. Baada ya saa chache rangi husuguliwa kwa mswaki wa zamani. Kazi huenda ikarudiwa mara mbili. Daima jaribio hufanywa kwanza mgongoni, mahali pasipoonekana: tone moja, dakika kumi, kisha kuguswa kwa ukucha.

Spiriti hiyo haisaidii sana kwa rangi yenye hadina, ile inayochanganywa kutoka makopo mawili, wala kwa rangi iliyookwa kiwandani. Kwa hizo mkono na msasa ndiyo njia. Zipo dawa za kutoa rangi zilizoandikwa kwamba ni salama kwa plastiki, na baadhi hufanya kazi nzuri. Maandishi ya kopo hayaondoi haja ya kujaribu mgongoni.

Yafaayo kuachwa kabisa

Moto wa aina yoyote. Bunduki ya hewa moto hufikia nyuzi joto zaidi ya 500 za Selsiasi. ABS huanza kulainika karibu na nyuzi 100, na polipropilini huyeyuka karibu na 160. Bampa iliyojipinda haikai tena kwenye pini zake, na rangi inayoungua hutoa moshi wenye sumu.

Dawa kali za kutoa rangi kwenye bati. Nyingi kati ya hizo zimekuwa zikitengenezwa kwa kimiminika kiitwacho dikloromethani. Kinayeyusha ABS na polikaboneti. Lililo baya zaidi ni kwamba mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutulia chini katika chumba kilichofungwa, na mtu akiuvuta mwili huugeuza kuwa kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu wanaolala na jiko la makaa ndani ya nyumba. Marekani ilipiga marufuku mauzo yake kwa watumiaji wa kawaida kama dawa ya kutoa rangi mwaka wa 2019, na mwaka wa 2024 ikaongeza marufuku kwa matumizi mengine mengi. Fundi asome maandishi ya kopo kabla ya kununua, na asinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa isiyo na jina.

Kostiki soda huchoma ngozi na macho, hula alumini na kudhoofisha polikaboneti. Mafuta ya breki hulainisha rangi kweli, lakini huacha utando unaokataa rangi mpya, na tone likidondokea mlango wa gari la jirani tatizo ni la pili.

Vioo vya taa za mbele ni kazi nyingine kabisa. Vina utando wa kinga juu yake, na thina au spiriti kali huvipasua.

Mapafu hayaoshwi kwa maziwa

Katika mabanda mengi kuna imani kwamba pakiti ya maziwa jioni husafisha kifua cha mpiga rangi. Maziwa huenda tumboni. Vumbi na mvuke huenda kwenye mapafu, na njia hizo mbili hazikutani. Maziwa ni chakula kizuri, ila hayana kazi hiyo, na pesa zake zingenunua barakoa.

Wakati wa kusugua, hatari ni vumbi. Rangi za zamani, hasa za manjano, machungwa na nyekundu, ziliwahi kutiwa madini ya risasi. Vumbi hilo hushika nguo na nywele, na mfanyakazi hulipeleka nyumbani ambako mtoto mchanga hulipata kwenye shati la baba yake. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kusugua kwa maji hupunguza vumbi kwa kiwango kikubwa. Nguo za kazi zibaki kazini, na mikono ioshwe kabla ya chai ya saa nne.

Leso iliyofungwa puani haizuii vumbi laini. Barakoa ya vumbi ya kiwango cha N95 au FFP2 hulizuia, ikikaa vizuri usoni. Lakini barakoa hiyohiyo haizuii mvuke wa thina hata kidogo. Kwa mvuke panahitajika barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa, na vichujio hivyo hubadilishwa: siku mvaaji anaposikia harufu ya thina ndani ya barakoa, vimekwisha.

Wakati wa kupuliza rangi yenye hadina hali ni nzito zaidi. Hadina nyingi za rangi za gari zina kemikali ziitwazo isosayaneti. Hizi husababisha pumu ya kazini. Mtu anaweza kufanya kazi nazo kwa muda bila dalili, kisha mwili ukageuka, na kuanzia hapo hata kiasi kidogo kikamfunga kifua. Wengine hulazimika kuacha kazi hiyo kabisa. Isosayaneti haitoi harufu ya kutegemewa kama onyo, kwa hiyo vichujio pekee havitoshi kwa anayepuliza kila siku. Kinachopendekezwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Kikohozi kinachokuja usiku, au kifua kinachobana jioni za siku za kazi na kulegea mwishoni mwa juma, ni dalili za kumweleza mhudumu wa afya, pamoja na kumtajia aina ya kazi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga vinavyofaa na kuvitunza. Banda la jua kali lenye mwenyewe na wanagenzi wawili ni mahali pa kazi sawa na kiwanda.

Maji ya msasa yanakwenda wapi

Ndoo ya maji ya msasa yenye rangi ya kijivu humwagwa mtaroni kila jioni. Mtaro wa maji ya mvua, tofauti na bomba la majitaka, hauendi kwenye kituo chochote cha kusafisha. Huenda moja kwa moja mtoni, na mto huo hunywesha ng'ombe na kumwagilia sukuma wiki za watu wa chini. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kumwaga vitu vyenye sumu katika maji.

Njia ya nafuu ni kuyaacha maji hayo yatulie katika ndoo usiku kucha. Asubuhi tope la rangi limekaa chini. Maji ya juu hutumika tena kusugulia, na tope hukaushwa kwenye kopo kuukuu la rangi na kufunikwa. Thina chafu vilevile iachwe itulie: ile safi ya juu hutumika tena kuoshea bunduki ya rangi. Maganda ya rangi, vitambaa na matope yaliyokauka hayachomwi nyuma ya banda. Yatengwe na taka za kawaida na kukabidhiwa kwa mzoaji mwenye leseni ya NEMA ya taka hatari. Vikundi vya mafundi vinavyofanya kazi eneo moja vinaweza kuchanga pipa moja na gharama ya uzoaji, kwa kuwa banda moja halitoi taka za kutosha kumvutia mzoaji.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, udhibiti wa uchafuzi wa hewa, uzoaji taka, mitaro ya maji ya mvua mijini na huduma za zimamoto ni majukumu ya kaunti. Anayetaka kujua mahali pa kupeleka taka hizi, au anayesumbuliwa na mvuke wa rangi kutoka banda la jirani, aanzie kwa afisa wa afya ya umma au wa mazingira katika wadi yake.

Kuhusu moto, neno moja: mvuke wa thina hutambaa chini na unaweza kulifikia jiko la mama wa chai lililo mita kadhaa mbali. Welding na thina havikai banda moja kwa wakati mmoja. Na thina isiwekwe kwenye chupa za soda au za maji. Mtoto akiinywa, asitapishwe wala asipewe maziwa kwa nguvu. Akimbizwe hospitalini pamoja na chupa yenyewe, kwa sababu kutapisha huingiza thina kwenye mapafu.

Kabla ya rangi mpya

Plastiki iliyosuguliwa huwa na umeme tuli unaovuta vumbi na nyuzi za kitambaa. Kuipangusa kwa kitambaa kilicholowa kidogo dawa ya kuondoa mafuta, bila kusugua kwa nguvu, hupunguza tatizo hilo. Kisha kila mahali plastiki inapoonekana tupu, hata penye ukubwa wa sarafu, hupakwa praima ya plastiki kwa tabaka jembamba. Praima ya bati haichukui nafasi yake. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye kopo, nao hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Fundi akichelewa kupita muda huo, baadhi ya praima hupoteza nguvu na hurudiwa.

Mwenye gari ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kuacha funguo. Rangi ya zamani itaondolewa au itafunikwa? Praima ya plastiki ni ipi, na kopo liko wapi? Kazi ikibanduka ndani ya miezi kadhaa, fundi atairudia kwa gharama ya nani? Majibu yaandikwe nyuma ya risiti. Na anayebadilisha rangi ya gari zima, si bampa peke yake, akumbuke kwamba rangi iliyo kwenye kitabu cha gari lazima ibadilishwe kupitia NTSA.

Gari likishachukuliwa, lisipelekwe kwenye mashine ya maji ya nguvu kwa wiki chache za kwanza. Lioshwe kwa mkono. Baada ya hapo, mwenyewe anaweza kubandika tepu kwenye ukingo wa chini wa bampa, pale pasipoonekana, na kuivuta kwa ghafla. Ikitoka na rangi, airudishe kwa fundi akiwa na tepu hiyo mkononi na risiti yake, kabla kijana wa kuosha magari hajalaumiwa tena.